Kumtafuta babu aliyekuwa askari wa KAR

Kaka, umeuliza utampataje mtandaoni babu yako wa Bombo, Uganda, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) aliyekwenda Vita Kuu ya Pili asirudi. Mtandaoni, anza na tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi na majina ya askari wa Jumuiya ya Madola waliokufa vitani. Haina malipo, na ina askari waliofariki kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Batalioni ya 4 ndiyo ya Uganda, ila usijifunge hapo. Jina liandike kila namna: Ramadhani, Ramadan, Ramathan, maana karani aliandika alivyosikia. Ukimpata, nakili namba yake ya jeshi kwanza. Akina Ramadhani ni wengi, namba ndiyo itakayomtenga.

FamilySearch, tovuti ya kutafuta kumbukumbu za ukoo, nayo ni bure, lakini kwetu Uganda kutafuta kwa jina la familia mara nyingi hukwama: ndugu wa tumbo moja huwa na majina tofauti kabisa. Kwa hiyo kabla ya yote muulize shangazi yako jina la baba wa huyo babu, kijiji alikozaliwa, na jina alilojiandikisha nalo jeshini. Mrekodi kwa simu akiongea. Nakuomba usingoje sikukuu, nenda wiki hii.