Kwa wanaoanza utafiti wa vihisi vya gesi Goma

Wadogo zangu mnaoandaa TFC, kazi ya kuhitimu masomo, katika umeme na elektroniki, wengi wenu huja na wazo lilelile: kutengeneza kengele ya mazuku, yaani mashimo na mabonde ambamo gesi ya kuua hujikusanya. Naliunga mkono kwa moyo wote. Hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) inayotoka ardhini kati ya mji wetu na Sake, na kandokando ya Ziwa Kivu, inaua watu na mifugo, na vifaa vya kuonya ni vichache. Ila kabla hujatoa pesa dukani, uliza kihisi hicho kinapima nini hasa.

Chukua vile vya bei nafuu vya jamii ya MQ. Ndani mna oksidi ya bati inayopashwa moto; ikiguswa na gesi inayoweza kuungua, ukinzani wake hushuka. Kwa methani, MQ-4 inafaa. MQ-135 ndiyo inayonitia wasiwasi, maana huuzwa kana kwamba inapima hewa ya ukaa, kumbe inaitikia zaidi amonia, mvuke wa pombe na moshi. Hewa ya ukaa haiungui, kwa hiyo haiigusi oksidi ile kwa namna ya kutegemewa. Ukiiweka MQ-135 jikoni penye makaa italia kila jioni. Ukiiteremsha kwenye shimo la mazuku inaweza kunyamaza kabisa.

Kwa hewa ya ukaa tumieni kihisi cha infraredi. Hupitisha mwanga ndani ya chumba kidogo na kuangalia ni kiasi gani kimemezwa karibu na mikromita 4.26, pale hewa ya ukaa inapomeza sana. Hapa ndipo Goma inapodai akili yako. Kihisi hicho, kwa kweli, kinahesabu molekuli zilizomo chumbani. Sisi tuko kwenye mita 1,500 hivi, na mgandamizo wa hewa ni takriban hektopaskali 850, si 1,013 kama pwani. Hewa safi ya nje ina sehemu 420 hivi kwa milioni, lakini kihisi kilichosawazishwa kwa usawa wa bahari kitakuonyesha karibu 350. Mwanafunzi akiona hivyo hudhani ameuziwa kibovu, au huongeza namba kwa kukisia hadi ipendeze. Weka kihisi cha mgandamizo kando yake, urekebishe kwa hesabu, na uandike fomula uliyotumia.

Kisha tazama kama kina usawazishaji wa kujiendesha. Vihisi vingi vya ofisini huchukua kipimo cha chini kabisa cha siku kadhaa na kukihesabu kuwa hewa safi. Ofisini ni sawa, madirisha hufunguliwa. Katika nyumba ambayo gesi inapenya sakafuni usiku na mchana, kihisi kitajifunza kwamba sumu ndiyo hewa ya kawaida, na kengele haitalia. Zima kipengele hicho kabla ya jambo lingine lolote. Vingi pia hukomea sehemu 5,000 kwa milioni, wakati mazuku huweza kupita asilimia 10, kiwango ambacho mtu hupoteza fahamu upesi. Nunua kinachosoma kwa asilimia.

Umeme nao usiuonee haya, ndiyo fani yetu. Hita ya MQ hunywa takriban miliampea 150 kwa volti 5. Betri ikishuka hadi 4.5, joto linalozalishwa hupungua kwa asilimia 19, na kipimo huhama bila gesi kubadilika. Pima volti kwenye miguu ya kihisi chenyewe, si kwenye betri, na uihifadhi katika mstari uleule wa data.

Mkienda uwanjani, msiende peke yenu, na muwaulize wenyeji mabonde wanayoyaepuka. Wanayajua kuliko ramani. Hewa ya ukaa ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, hivyo hulala mabondeni, hasa usiku na alfajiri penye utulivu. Fungeni kihisi kwenye fito ndefu mkiteremshe kutoka juu, waya ziishie kwa aliyesimama ukingoni. Asiiname mtu kuokota kilichoanguka. Barakoa ya chujio haisaidii: haiondoi hewa ya ukaa, wala haina oksijeni ya kukupa.