Kuuza sato wa kukaanga ili kupata fedha za madawati

Mkuu, umeuliza kama klabu yenu hapo Ilemela ichangishe fedha za madawati kwa bahati nasibu au kwa kuuza sato ufukweni. Uzeni sato. Bahati nasibu inataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, hata kama lengo ni hisani.

Kwa sahani 150 chukueni kilo 60 za sato wa gramu 400 hivi, mnunue alfajiri. Unga wa ugali kilo 30, mafuta ndoo ya lita 20. Barafu iwe uzito sawa na samaki, vinginevyo saa sita mchana mashavu yameshapauka na wateja wa Mwanza wanajua kufunua shavu! Mchaneni chale tatu kila upande, chumvi na ndimu, kisha wachuje maji kabisa. Wengi hukosea hapa: samaki mbichi mwenye maji anarusha mafuta, na mkijaza karai mafuta yanapoa, sato ananyonya mafuta na kumeguka. Wanne kwa karai kubwa wanatosha. Jiko likae nyuma ya ukuta, maana mchana upepo wa ziwa unapuliza moto pembeni.

Kuponi ziwe na namba na kishina (kipande kinachobaki kwa muuzaji), ziuzwe wiki moja kabla. Wanachama nao walipe. Sahani za bure ndizo hula faida. Jioni watu wawili wahesabu fedha, wasaini, na fundi seremala alipwe moja kwa moja kutoka benki.