Risiti ya mpiga picha haikupi ruhusa ya kutumia sura ya staa

Mkuu umeuliza kama ukishamlipa mpiga picha na risiti unayo, unaweza kumweka yule msanii kwenye tangazo la bidhaa zako. Usimweke kwanza. Nakwambia hivi kwa uchungu kwa sababu yalinikuta.

Nilikuwa nadizaini matangazo ya kampuni moja ya vipodozi, bosi akanitumia picha ya muigizaji anayejulikana sana akasema mpiga picha tumeshamalizana naye, we panga tu. Nikapanga, chupa ya losheni nikaiweka karibu na shavu lake, ikapendeza kweli. Wiki haijaisha ikaja barua ya wakili kurasa tatu, wamebandika skrinishoti ya kazi yangu na pale chupa inapogusa shavu wamezungushia duara jekundu. Risiti yetu hata hawakuhangaika nayo, maana hakimiliki ya picha ni ya aliyepiga lakini sura ina mwenyewe, ni ruhusa mbili tofauti kabisa na sisi tulikuwa na moja.

Soma kesi ya mwanamuziki Rihanna na Topshop, kampuni ya maduka ya nguo kule Uingereza. Wale walikuwa na leseni ya mpiga picha, wakachapa sura yake kwenye fulana wakauza, 2013 wakashindwa, wakakata rufaa, 2015 wakashindwa tena. Na Uingereza hawana hata sheria inayosema moja kwa moja kwamba sura ni mali ya mtu! Kilichowaponza ni kwamba mnunuzi angeamini Rihanna mwenyewe kaipitisha ile fulana. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni je, mteja akiona tangazo lako ataamini staa yuko na wewe?

Marekani ndo wakali zaidi, haki ya mtu kufaidika na sura yake mahakama ilishaitambua tangu 1953, na California ukimtumia mtu kwenye tangazo bila ridhaa yake fidia kisheria inaanzia dola 750 hata kama hajathibitisha hasara, juu yake anaweza kudai na faida uliyopata. Hata sauti wanailinda. Tangazo la magari ya Ford halikumtaja mwimbaji Bette Midler wala kumwonyesha, walimchukua tu muitikiaji wake wa zamani aimbe kama yeye, 1988 mahakama ya rufaa ikasema ana haki ya kudai na baadae akapewa dola 400,000. Ndo maana wanaosema "mi nitamchora tu" au "natengeneza kwa AI" wananitia wasiwasi sana, ukimchora akatambulika umemtumia.

Habari ni kitu kingine, gazeti likiandika kuhusu staa na kuweka picha yake kwa kawaida halina kesi. Tatizo linaanza pale sura inapouza kitu.

Sasa kama tangazo lako lishapanda, litoe leo, ila tunza kopi na tarehe ulizolirusha maana wakili wako atazihitaji. Sisi tulibisha wiki mbili nzima tangazo likiwa bado hewani, na hizo wiki mbili zikaingizwa kwenye hesabu ya malipo.