Tank au Reverso? Kabla ya kulipa, angalia mikono yako inashinda ikifanya nini

Kijana mmoja wa Likasi, hapa kwetu Katanga, Kongo, wakili aliyeanza kazi juzijuzi, ameniandikia (yaya kwetu ni dada mkubwa, makuta ni pesa): "Yaya, nimeweka makuta tangu niapishwe. Kichwani nimebaki na saa mbili tu, Cartier Tank na Reverso ya Jaeger-LeCoultre. Zote za mstatili, zote za mkanda wa ngozi, zote nzuri. Usiku silali. Niambie wewe uliyenunua." Akamalizia na mstari ambao nitaurudia baadaye: "Ila hapa kwetu Cartier ndiyo watu wanaijua."

Ujumbe ulinikuta Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nikisubiri malori yavuke. Sikumjibu palepale, kwa sababu swali hili nimelibeba muda mrefu na nina mengi ya kulisemea. Na najua si yeye peke yake. Vijana wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi sasa wana kipato, wamechoka na saa kubwa zinazong'aa kama taa ya gari, wanatafuta saa ya suti, saa ya mtu aliyetulia. Basi nawajibu wote hapa.

Kuchanganyikiwa kwake hakunishangazi. Ukizilaza meza moja, saa hizi mbili zinafanana kweli. Pande zimenyooka, mishale ni ya buluu, dakika zimepangwa kama reli ya treni kuzunguka uso. Na undugu wao si wa sura tu. Tank ilichorwa na Louis Cartier mwaka 1917, na inasimuliwa kwamba umbo lake alilitoa kwenye vifaru vya Renault vya Vita Kuu ya Kwanza, ukivitazama kutoka juu: zile nguzo mbili za pembeni ni minyororo ya kifaru. Ilianza kuuzwa 1919. Reverso ni ya 1931. Maofisa wa Kiingereza kule India walikuwa wakicheza polo na kuvunja vioo vya saa zao. Mfanyabiashara César de Trey akalipeleka tatizo lao kwa Jacques-David LeCoultre, mtengenezaji wa saa, na mhandisi René-Alfred Chauvot akabuni kasha linalogeuka, hataza yake ikaombwa Paris mwezi Machi mwaka huo. Sasa sikiliza: Cartier alikuwa na mkataba na Edmond Jaeger, fundi saa wa Paris ambaye jina lake limo kwenye Jaeger-LeCoultre, tangu 1907, na mashine nyingi za saa zake za zamani zilitengenezwa na LeCoultre, kijijini Le Sentier, Uswisi. Leo majina yote mawili yako chini ya kampuni moja, Richemont, iliyoanzishwa na Johann Rupert wa Afrika Kusini mwaka 1988. Kwa hiyo anayekuambia moja ni ya kweli na nyingine ni ya kujionyesha, mwache aendelee na safari yake. Ni watoto wa shangazi na mjomba.

Mimi ni wakala wa forodha. Nilianza kwa kubeba karatasi za watu wengine, nikishinda juani mpakani, kabla sijapata ofisi yangu na mhuri wenye jina langu. Nilijiahidi kwamba siku deni la ofisi litakapoisha, nitajinunulia saa. Si gari wala kiwanja, saa. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na kabla ya kunawa mikono ale bukari, yaani ugali, alivua saa yake na kuilaza kifudifudi pembeni ya sahani, kioo chini ya kitambaa, hakuna mtoto wa kuigusa. Kwangu heshima ya mtu mzima ilikaa hapo.

Deni likaisha. Kazi ikanipeleka Johannesburg, mdogo wangu wa kiume akanisindikiza. Tukaingia duka moja linalouza saa za majina mengi, jina lake naliacha. Muuzaji akamsalimia mdogo wangu, akamvutia kiti, akamuuliza anataka kumnunulia mama saa ya namna gani. Mdogo wangu akajibu, "Anayenunua ni yaya." Yule bwana akanitazama toka viatu hadi kilemba, akaenda, akarudi na trei ya visaa vyenye vijiwe pembeni. Nikamwambia sikuja kwa hivyo. Nimekuja kuona Tank Must ya chuma, ile kubwa, na Reverso Tribute. Akaniambia Reverso ni ya mkono wa mwanaume. Hakuifungua hata kabati.

Naandika haya na bado linanichoma. Mimi niliyevusha shaba ya watu mpaka huo, miaka nenda rudi, niliyelipa mishahara ya familia za wengine kabla ya wangu, naambiwa mkono wangu haufai saa niliyoitolea jasho? Nilisimama, nikamshukuru, nikatoka. Sikupandisha sauti. Dada zangu mnaosoma, mkikutana na hilo, tokeni hivyohivyo. Pesa ni yenu na mlango mnauona.

Duka la pili, binti mdogo tu alitandika kitambaa, akaziweka zote mbili, akanimiminia maji, akaniacha. Huyo ndiye muuzaji. Nikavaa Tank kwanza. Ile kubwa ina milimita 33.7 kwa 25.5, unene 6.6, na mkononi unaisahau. Mkono wa shati unapita juu yake bila kukwama. Ina kijiwe cha buluu kwenye kitufe cha pembeni, na ukisogeza jicho karibu sana, kwenye mguu mmoja wa namba VII, mstari mnene ule si mstari mtupu: ni neno Cartier limeandikwa kwa herufi ndogo mno. Nililitafuta mpaka nikaliona, nikafurahi kama mtoto.

Kisha Reverso. Hiyo ni ndefu, milimita 45.6 kwa 27.4, na kwa kweli inajaza mkono. Unaisukuma kwa kidole gumba upande mmoja, kasha linateleza kwenye reli zake, linasimama nusu, unaligeuza, linarudi mahali pake kwa mlio mdogo, tak. Kioo kimekwenda chini, juu umebaki na chuma kitupu, laini, kisicho na kitu. Nikaigeuza tena. Na tena. Yule binti akatabasamu, hakusema neno.

Nilichagua Reverso, na mpaka leo sijawahi kuitamani nyingine. Iliyoamua ni kazi yangu. Mchana mimi naingiza mkono kati ya milango ya kontena kukagua lakiri, nashika nyaya, nagonga chuma. Saa iliyobuniwa kwa ajili ya fimbo za polo inajua maisha hayo: nafika uwanja wa makontena naigeuza, narudi ofisini naigeuza. Asubuhi naitia ufunguo kabla ya chai, maana mashine yake, kalibre 822, inakaa saa 42 hivi halafu inasimama. Wengine huona ni usumbufu. Mimi naona ni dakika yangu ya peke yangu kabla simu haijaanza kulia. Na lile chuma la nyuma nimechongesha jina la mama yangu. Tank ina mgongo pia, utaniambia, nayo inachongwa. Ni kweli, lakini jina linakaa chini ya mkono siku zote. La kwangu nikiwa uwanjani linatazama juu.

Kuna ambayo muuzaji hatakuambia. Kiangazi chetu, kuanzia Mei mpaka mvua za kwanza, vumbi jekundu la barabara linaingia kwenye reli za Reverso. Utasikia mkwaruzo mwembamba ukiigeuza. Usiilazimishe. Chukua brashi laini kavu, ipitishe kwenye reli, basi. Masika yakija, adui ni jasho na mvua: zote mbili zinahimili baa 3 tu, maana yake matone na kunawa mikono, si kuogelea ziwani Kipopo. Mkanda wa ngozi ndio unaoumia kwanza. Vua ukifika nyumbani, uache upate hewa. Na matengenezo: saa ya kutiwa ufunguo inahitaji kufunguliwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa, na kazi hiyo si ya fundi saa wa sokoni, hata awe mkono wa dhahabu kwa saa nyingine. Saa itasafiri. Tia gharama hiyo akilini tangu siku ya kununua. Udhamini wa majina yote mawili ni miaka 2, lakini ukiisajili saa yako kwa mtengenezaji kabla udhamini huo haujaisha, unaongezwa hadi 8. Nimekutana na watu waliolipa maelfu ya dola na hawakujisajili kwa uvivu wa kujaza fomu. Hilo sitalielewa kamwe.

Tank Must ya chuma niliyoijaribu ni ya betri, na kwa kawaida inauzwa bei ya chini kuliko Reverso. Msiidharau kwa ajili ya betri. Betri ile inakaa hadi miaka 8 hivi. Mwaka 2021 walitoa hata ya mwanga wa jua, SolarBeat, mwanga unapenya kwenye matundu madogo ndani ya zile namba za Kirumi, na walisema mashine yake itakwenda zaidi ya miaka 16. Kwa jua letu la Katanga, hesabu mwenyewe. Anayetaka Tank ya kutia ufunguo atafute Tank Louis Cartier ya dhahabu, ila hapo bei inaruka mbali na tumeshaacha mazungumzo haya.

Sasa ule mstari wa mwisho wa kijana wetu. "Hapa kwetu Cartier ndiyo watu wanaijua." Harusini hapa mjini, shemeji yangu mmoja aliushika mkono wangu mbele ya meza nzima, akauliza hii ni nini, akasema kwa makuta hayo si ungechukua Cartier tuijue. Watu wakacheka. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa siku ya bibi harusi. Leo sinyamazi. Vijana wangu, watu wa harusini hawakukusaidia kuweka akiba. Hawakuwa na wewe ulipokula sombe tupu, majani ya muhogo, mwisho wa mwezi ili bahasha isiguswe. Kwa nini wao ndio wakuchagulie? Mtu anayenunua saa ili meza ya jirani iitambue atanunua nyingine mwakani, na nyingine, na meza haitashiba. Vaa kitu kinachokutumikia wewe. Kivae, kitembeze, kisha ukivue ukitazame ukiwa peke yako chumbani. Ukikipenda hapo, lipa.

Haya, wakili, nimekusikia, na nimesoma ujumbe wako mara ya pili ndipo nikaona uliyoyasema bila kujua. Umeandika mkono wako ni mwembamba. Umeandika utaivaa mahakamani na kanisani Jumapili, siku nyingine itakaa sandukuni. Umeandika mashati yako yana vifungo vya mkononi. Basi mimi, mpenzi wa Reverso, nakuambia chukua Tank, ile kubwa ya betri. Reverso ukiivua Jumapili jioni, asubuhi ya Jumatano itakuwa imelala. Utasimama mlangoni na joho begani, unatia ufunguo, unatafuta saa sahihi kwenye simu, na hakimu hakusubiri. Tank utaitoa sandukuni ikiwa inatembea. Itapita chini ya mkono wa shati, haitakwaruza karatasi zako. Ichukue kwa hayo. Wala usijione umechukua ya mdogo, hiyo saa ina zaidi ya miaka mia na hakuna aliyefanikiwa kuichora upya ikawa nzuri zaidi.

Kama siku moja utaacha mahakama uingie migodini, tutazungumza tena.

Na kuhusu yule kijana wa Kasumbalesa uliyemtaja, anayekuuzia Tank "ya asili" kwa nusu bei, bila sanduku wala risiti: hapana. Usimpe hata arubuni. Hilo jina dogo kwenye namba VII nao wanaliiga siku hizi, kwa hiyo lisikutulize moyo. Ulizia namba ya mfululizo iliyo mgongoni, iwe ileile iliyo kwenye karatasi ya udhamini, na tarehe ya mauzo iwepo. Nunua dukani, lipa kwa benki, omba risiti yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na ukifika uwanja wa ndege wa Luano itangaze forodhani kabla hujaulizwa. Namba ya mfululizo na karatasi ya udhamini, nipigie picha uzitume kabla ya kulipa. Nitazisoma moja moja.