Betri imejaa saa tano asubuhi, umeme wa sola unaobaki uupeleke wapi

Swali lilikuwa hili: karavani ina paneli za wati 600 na betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 200. Ikifika saa tano asubuhi betri imeshajaa na jua bado ni kali. Je, ni lazima kufunga kifaa cha kumwaga umeme wa ziada ili kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri) isiungue?

Si lazima. Kumwaga umeme ni habari ya mitambo ya upepo, ambayo ikikosa mzigo huzidi kasi mpaka ikajivunja. Betri ikijaa, kontrola ya sola huvuta mkondo mdogo tu, na paneli hukaa juani bila kudhurika. Umeme huo haupotei popote, kwa sababu haukuzalishwa. Ndiyo maana skrini huonyesha wati 40 saa sita mchana na watu wakadhani paneli zimekufa. Washa kitu cha wati 300, utaona zinapanda papo hapo.

Anza na yasiyohitaji kununua kitu: chaji laptop na betri za drili mchana, pampu maji mchana, pika mchana kama una jiko la umeme. Friji ya kompresa iongezee baridi wakati wa jua na uweke chupa za maji ndani, usiku itapumzika zaidi.

Ziada inayobaki baada ya hapo, ipeleke kwenye maji moto. Kupasha lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 55 kunataka takriban wati-saa 815, yaani saa mbili hivi kwa ziada ya wati 400. Kuhifadhi umeme huo kwenye betri kungetaka ampea-saa 64 zaidi.

Wengi hukosea kwenye ukubwa wa koili ya hita, yaani waya unaopasha maji. Hita ya wati 1000 kupitia inveta huvuta ampea 85 hivi kutoka kwenye betri, na paneli za wati 600 mara nyingi hutoa 400 hadi 450 tu. Kinachopungua kinatoka betrini, basi hita inawaka, betri inashuka, hita inazima, na mchezo huo unaendelea siku nzima. Chukua koili ya volti 12 ya wati 300. Kumbuka kwamba kwenye volti 14 hiyo hiyo hula wati 408, ampea 29. Weka fyuzi ya ampea 40 karibu na betri, na waya wa milimita za mraba 10 kama umbali hauzidi mita 3.

Usipitishe mkondo huo kwenye themostati (swichi inayozima joto likifika kiwango) ya hita ya umeme wa kawaida. Umeme wa betri hutoa cheche ndefu swichi inapofunguka, kontakti (ncha za swichi) zinashikana, na maji yanaendelea kuchemka. Themostati ikate koili ya rilei tu; rilei ni swichi inayoendeshwa na mkondo mdogo ili kupitisha mkondo mkubwa. Rilei ndogo ya gari ya ampea 40 itapata joto sana ikifanya kazi kwa saa nyingi, kwa hiyo tafuta ya ampea 70 au zaidi na uifungie dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007 sambamba na koili yake, upande wenye mstari ukielekea chanya. Rilei isiyo na kontakti huwa kimya, lakini ikiharibika mara nyingi hubaki imewaka. Kwa hiyo valvu ya kutoa shinikizo na kikata joto cha pili ni lazima kwa vyovyote, na usiwashe hita tangi likiwa tupu.

Sasa nini kiamue muda wa hita kuwaka? Kwa lithiamu, usitegemee volti. Hukaa karibu na 13.2 hadi 13.4 kwa sehemu kubwa ya chaji, kwa hiyo betri ya nusu na ya robo tatu zinafanana. Tumia mita ya betri yenye shanti (kipande cha kupimia mkondo unaoingia na kutoka) na rilei: iwashe hita chaji ikiwa asilimia 95, iizime ikishuka 88. Mita hiyo huteleza siku hadi siku, kwa hiyo iweke ijirudishe kwenye 100 pale tu volti zinapopita 14 na mkondo wa kuchaji umeshuka chini ya ampea 8.

Betri za risasi zinataka subira zaidi. Acha kontrola imalize kushibisha betri kwenye volti 14.4 hivi, ishuke kwenye 13.6 ya kutunza chaji, ndipo hita iwake. Ukiiwahi, betri haijai kikamilifu, salfeti ya risasi inaganda kwenye bamba na uwezo unapungua. Izime ikishuka 13.1 kwa dakika moja mfululizo, ili wingu dogo lisiichezeshe. Kama kontrola ina sehemu ya kuunganishia mzigo, soma ampea zake kwanza. Nyingi hubeba 10 hadi 20 tu, kwa hiyo itumie kuendesha rilei, si hita yenyewe.

Kiyoyozi cha paa usikiweke kwenye hesabu hii. Kwa kawaida hula zaidi ya wati 1000, na paneli za 600 hazikibebi peke yake.