Tulimwonea Anelka

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni mchezaji gani wa Ligi Kuu ya England aliyeonewa na mashabiki kuliko wote?" Najua wengi watawataja waliokosa penalti na makipa waliofungwa mabao ya kizembe. Mimi namtaja Nicolas Anelka. Sizungumzii yule wa Chelsea ambaye vijana wa leo wanamkumbuka. Nazungumzia mtoto aliyeingia Arsenal akiwa na miaka 17, akatoka akiwa na miaka 20, na mpaka leo ukilitaja jina lake kijiweni kuna mtu atasema: "Yule mnunaji?"

Nimelibeba jambo hili kwa muda mrefu, niruhusuni nilitue.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 16, naishi Tanga. Mtaani kwetu dishi lilikuwa moja tu, la mzee mmoja mfanyabiashara wa samaki, na siku za fainali alikuwa anafungua mlango wa sebule yake, wakubwa wanakaa kwenye viti, sisi tunajipanga sakafuni hadi varandani. Tarehe 16 Mei ilikuwa fainali ya Kombe la FA pale Wembley, Arsenal na Newcastle, na kwa saa zetu mpira ulianza saa kumi na moja jioni. Overmars wa Arsenal alishatangulia kufunga kipindi cha kwanza. Baada ya mapumziko Newcastle wakaja juu. Dabizas akapiga kichwa kikagonga mtambaa wa panya, Shearer akagonga nguzo, na sebule nzima ikawa imeshika vichwa. Mara adhana ya magharibi, nusu ya wakubwa wakanyanyuka kwenda msikitini. Ndipo Ray Parlour alipoudondosha mpira nyuma ya mabeki, na Anelka alikuwa ameshaanza mbio kitambo. Akauwahi, akapiga shuti la chini, likampita kipa Shay Given, nyavu zikatikisika. Dakika ya 69, mbili bila. Arsenal ikawa imechukua ligi na kombe ndani ya msimu mmoja.

Waliorudi kutoka kuswali walitukuta tumekumbatiana, ikabidi tuwasimulie bao wasiloliona, na kila mmoja alilisimulia kwa namna yake. Mimi nilisimulia mbio. Bado nazisimulia, kwa sababu sasa nafundisha vijana wa chini ya miaka 17 kwenye uwanja wa mchanga, na hakuna kitu kigumu kumfundisha straika kama kile alichokuwa nacho yule kijana.

Washambuliaji wengi wanaanza kukimbia wakishaona mpira umepigwa. Anelka alianza pale mwenye mpira anapoinua kichwa tu. Utamwona anatembea sambamba na beki wa mwisho, mikono imelegea, kama mtu aliyetumwa dukani na hana haraka. Kisha ghafla anakata, wala haendi moja kwa moja golini. Anazunguka kidogo kwa nje, anapenya kati ya beki wa kati na beki wa pembeni, ili asiotee, na ili beki anapoanza kugeuza mwili yeye awe ameshachanganya mguu. Halafu mguso wa kwanza anausukumia mbele, kwenye nafasi, hausimamishi. Hapo kipa anabaki na jambo moja tu la kufanya, nalo amechelewa. Dennis Bergkamp, mshambuliaji mwenzake, alikuwa na jicho la kuiona njia ile, Anelka alikuwa na miguu ya kuipita, na kwa msimu mmoja na nusu hivi sikuona ligi yoyote yenye watu wawili walioelewana vile.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana wanaomhukumu huwa wanaanzia katikati. Alizaliwa Machi 1979, wazazi wake wakitoka kisiwa cha Martinique, akakulia Trappes, nje ya Paris. Akapita kwenye shule ya soka ya taifa pale Clairefontaine, na PSG ikamchezesha kikosi cha kwanza Februari 1996 akiwa na miaka 16. Mwaka mmoja baadaye Arsenal ikamchukua kwa pauni 500,000. Kocha Arsène Wenger mwenyewe alikuwa mgeni London, ana miezi michache tu kazini. Mtoto akafika hajui Kiingereza, katika chumba cha kubadilishia nguo chenye Tony Adams, Bergkamp na Ian Wright. Msimu ule alicheza mechi 4 za ligi, hakufunga.

Huyo Ian Wright ndiye ufunguo wa hadithi yote, na sijawahi kuona mtu akilisema hili. Highbury, uwanja wa Arsenal wa enzi hizo, ilimpenda Wright kwa mabao, lakini ilimpenda zaidi kwa sura yake. Jino la dhahabu linang'aa, anacheka, anakimbilia mashabiki, anafunga anainua jezi kuonyesha fulana iliyoandikwa ujumbe. Septemba 1997 alipovunja rekodi ya mabao ya Cliff Bastin, uwanja mzima ulihisi ni bao la ndugu yao. Kisha Wright akaumia, na nafasi yake akapewa kijana mrefu, kimya, anayefunga na kurudi katikati ya uwanja kana kwamba hakuna kilichotokea. Hata kabla Wright hajaumia, tarehe 9 Novemba 1997 Manchester United walipokuja Highbury, Bergkamp yuko nje kwa adhabu, yule kijana akafunga bao lake la kwanza la Arsenal mapema kabisa, na mechi ikaisha 3-2. Siku ile ndiyo iliyowapa Arsenal imani kwamba ubingwa unawezekana. Lakini watu waliangalia uso wake wakitafuta uso wa Wright, hawakuuona, wakahitimisha kuwa anaringa. Kule Wembley mwezi Mei, Wright alikaa benchi dakika zote 90, na Julai akahamia West Ham. Mtoto akabaki na pengo la kujaza, la mabao na la vicheko.

Nawaambia hili kwa uchungu kwa sababu ninaye wa namna hiyo kwenye timu yangu. Ana miaka 16, na mwezi uliopita alifunga mawili dhidi ya wapinzani wetu wakubwa, kisha akatembea kurudi kwenye nafasi yake, macho chini. Nyuma yangu mtu mzima akapaza sauti: "Anajisikia huyo!" Watoto wengine wakacheka. Tukiwa tunarudi nyumbani nilimuuliza mbona hakushangilia. Akaniambia, "Mwalimu, nikifunga naona watu wote wananiangalia mimi." Basi. Hakuna kiburi pale. Ni mtoto anayeona haya.

Siku chache baada ya fainali ile ya 1998, kocha wa Ufaransa Aimé Jacquet akamkata kwenye kikosi cha Kombe la Dunia, na akaambiwa hivyo palepale Clairefontaine alikolelewa kisoka. Ufaransa wakachukua kombe nyumbani kwao bila yeye. Jibu lake lilikuwa msimu wa 1998-99: mabao 17 ya ligi, na tuzo ya mchezaji bora kijana inayopigiwa kura na wachezaji wenzake. Februari 1999 alirudi Wembley na timu ya taifa, akaifunga England mawili peke yake, na shuti lake jingine liligonga mtambaa wa panya likadondoka ndani ya mstari, mwamuzi asilihesabu. Aprili, kwenye nusu fainali ya marudiano ya Kombe la FA pale Villa Park, alitikisa nyavu za Manchester United na watu wakamkumbatia kabla hawajaona kuwa kibendera kiko juu. Usiku uleule Bergkamp akakosa penalti, Giggs wa United akafunga bao ambalo kila mtu analijua, Arsenal wakatolewa. Ligi nayo ikapotea kwa pointi moja.

Ni kweli alikuwa na makosa yake. Aliwahi kulalamika hadharani kwamba Overmars hampi pasi, jambo la kumalizia chumbani, si kwenye magazeti. Kaka zake wawili ndio waliosimamia mambo yake, na kiangazi cha 1999 kilikuwa cha vuta nikuvute ya kuchosha. Alisema magazeti ya Uingereza hayamwachi apumue na kwamba anataka kuondoka. Nayo yalishamgeuza jitu la kununa, jina likashika. Agosti Real Madrid wakamchukua kwa zaidi ya pauni milioni 22, na hapo akawa msaliti kabisa.

Msaliti kwa hesabu gani? Klabu ilimnunua kwa nusu milioni, ikampata akiwa mdogo wa kutosha kufinyangwa, ikatwaa makombe mawili naye, ikamuuza kwa zaidi ya mara 40 ya bei ile ndani ya miaka miwili na nusu. Kwa karibu nusu ya fedha hizo ikamleta Thierry Henry kutoka Juventus. Nyingine zikaingia kwenye uwanja mpya wa mazoezi wa London Colney, uliofunguliwa Oktoba 1999. Kabla ya hapo Arsenal, klabu kubwa vile, ilikuwa ikifanya mazoezi kwenye viwanja vya chuo kikuu. Fabregas, Van Persie, Saka, wote wamekanyaga majani yale. Sijui mchezaji mwingine wa miaka 20 aliyeiachia klabu urithi kama huo.

Na huyo Henry ndiye ushahidi wangu mkubwa. Naye ni Mfaransa, naye ni wa Clairefontaine, wazazi wake nao ni wa visiwa vya Karibi. Naye alikuwa hacheki akifunga! Mnakumbuka sura ile, amekunja uso, anatazama jukwaa kana kwamba kuna mtu anamdai. Tuliita nini? Tuliita heshima, tuliita utulivu, tukaiga mtaani. Kwa hiyo tatizo halikuwa sura ya Anelka kutokucheka. Tulimchukia kwa kuondoka, halafu tukaenda kutafuta sababu usoni mwake.

Yaliyofuata mnayajua, sitayachukulia nafasi. Madrid alifungiwa siku 45 kwa kugoma kufanya mazoezi, kisha akarudi na kuifunga Bayern katika mechi zote mbili za nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, akawa bingwa wa Ulaya akiwa na miaka 21. PSG tena, Liverpool kwa mkopo, Manchester City, Istanbul, Bolton. Penalti yake ya mwisho kule Moscow mwaka 2008, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa akiwa na Chelsea, ambayo Van der Sar, kipa wa Manchester United, aliipangua. Kombe la Dunia la Afrika Kusini 2010, aliporudishwa nyumbani baada ya kurushiana maneno na kocha wa Ufaransa, Domenech. Ishara ile ya mkono iitwayo "quenelle", inayoonekana na wengi kuwa ya chuki dhidi ya Wayahudi, aliyoionyesha akiwa West Brom, Desemba 2013, ambayo ilimfanya afungiwe mechi 5 na kutozwa faini ya pauni 80,000. Ile siitetei, na sitamlaumu aliyeumizwa nayo. Lakini alikuwa mtu mzima wa miaka 34 wakati huo, na kosa la mtu mzima haliwezi kurudi nyuma miaka 15 likawa ushahidi dhidi ya mtoto.

Wanaosema kipaji kilipotea nawaomba wasome orodha ya wafungaji ya msimu wa 2008-09. Mabao 19, kiatu cha dhahabu, bao moja mbele ya Cristiano Ronaldo, na mwenye kiatu alishatimiza miaka 30. Alistaafu akiwa na mabao 125 ya Ligi Kuu ya England. Wengi tunaowaita magwiji hawakufika hapo.

Ombi langu kwenu wahariri ni dogo. Kila anapoandikwa Anelka, picha inayowekwa ni ile ya Afrika Kusini, amevaa traki ya mazoezi, amekunja uso. Mkilichapisha jibu hili, tafuteni ya Wembley, tarehe 16 Mei 1998. Namba 9 mgongoni.