Jibu: Wagonjwa 60, mzio sifuri

Habari daktari. Umeuliza kama wagonjwa 60 kutopata mzio kunatosha kuandika "dawa haileti mzio". Hapana, tafadhali usiandike hivyo.

Anza na daftari la ufuatiliaji: waliopotea njiani watoe kwenye hesabu. Kisha gawanya 3 kwa waliobaki. Kama hakuna aliyepotea, 3/60 ni 5%, na hicho ndicho kikomo cha juu cha kiwango cha mzio kwa uhakika wa 95%. Yaani dawa inaweza kuwa inampa mzio karibu mtu 1 kati ya 20, na kwa bahati tu hukumwona hata mmoja. Wakipotea 15, kikomo kinapanda hadi karibu 7%.

Programu ya takwimu ikikupa 6% badala ya 5%, usishtuke. Imepima pande mbili, yaani kikomo cha chini na cha juu kwa pamoja, wakati hesabu ya 3 hupima cha juu tu. Kwenye ripoti andika 0/60, kikomo, na muda mliowafuatilia, maana hukuutaja.